Svante Arrhenius na Siri ya Asidi

Bila shaka umekwisha kuonja ndimu, nawe wajua kuwa ni chachu. Uchachu huo hutokana na asidi. Mtaalamu aliyeeleza jinsi asidi ifanyavyo kazi majini ni Svante Arrhenius, aliyezaliwa Uswidi mwaka 1859.

Mwaka 1884 aliandika kuwa chumvi ikiyeyuka majini hugawanyika kuwa chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, ziitwazo ioni. Walimu wa Chuo Kikuu cha Uppsala hawakusadiki, wakampa alama za chini. Yeye hakukata tamaa, bali aliwapelekea wataalamu wa nchi nyingine maandishi yake. Baadaye majaribio yao yalionyesha kuwa alisema kweli.

Alifundisha kuwa asidi majini hutoa ioni za haidrojeni, na besi hutoa ioni za haidroksidi. Zikichanganywa kwa kipimo kinacholingana, ioni hizo huungana na kufanya maji, ambayo hayagawanyiki kwa urahisi. Ndiyo maana ukali wa asidi hutoweka.

Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Alifariki mwaka 1927.

Sasa chovya karatasi ya litmasi ya buluu katika maji ya ndimu. Je, inageuka rangi gani? Hiyo ni kazi ya ioni za haidrojeni.