Francis Asbury, jirani yetu asiyejua kupumzika

Desemba hii wengi wetu tuna zamu za usiku, mazoezi ya kwaya, na simu kutoka nyumbani zinazokumbusha ada ya Januari. Basi tumkumbuke jirani mmoja.

Francis Asbury alizaliwa mwaka 1745 kule Hamstead, hapa jirani na Perry Barr. Nyumba ndogo aliyokulia bado ipo Newton Road, Great Barr. Mwaka 1771 alivuka bahari kwenda kuhubiri Marekani. Hakuwaona tena wazazi wake, ila aliendelea kuwatumia fedha. (Hilo halihitaji maelezo kwetu.)

Krismasi ya 1784 Wamethodisti walikutana Baltimore kuunda kanisa lao. Tarehe 25 Desemba aliwekwa wakfu kuwa shemasi, tarehe 26 kasisi, tarehe 27 msimamizi. Mwaka mpya ulipoingia tu, alikuwa tena juu ya farasi.

Hakuoa, wala hakuwa na nyumba. Mvua, baridi na safari zikamletea homa na baridi yabisi, naye akazidi kwenda. Majira ya baridi ya 1797 mwili ulikataa. Ikabidi akae Virginia kwa wenyeji wake, mhubiri mkubwa akisaidia kukunja nyuzi za pamba. Nadhani miezi ile ndiyo iliyomwongezea miaka.

Alipopata nafuu alirudi barabarani. Machi 1816 alibebwa hadi kanisani Richmond, akahubiri ameketi. Wiki moja baadaye, tarehe 31, alifariki akiwa bado safarini.