Krapf na jibu la sala

Kila nisikiapo mtu akiuliza Mungu yu wapi wakati wa dhiki, humkumbuka Mjerumani Johann Ludwig Krapf. Mmishonari huyo aliwasili Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe, Rosina. Julai mwaka uo huo, Rosina alifariki kwa homa baada ya kujifungua, na siku chache baadaye kitoto chao cha kike kikamfuata. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, Krapf mwenyewe akiugua homa.

Wengi wangefunga virago. Yeye alibaki. Mwaka 1846, pamoja na Johannes Rebmann, alianzisha misheni ya Rabai, huku akiendelea kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo msaada wa Mungu ulipokuwa. Wafu hawakurudi, wala homa haikukoma kumwandama. Alichopewa ni nguvu za kuamka na kushika kalamu tena. Ndugu msomaji uliyefiwa, huenda nguvu ulizoamka nazo leo ndizo jibu la sala yako.