Alexander Mackay, Mwalimu Aliyechonga Herufi

Ukumbusho wa marehemu si kaburi peke yake. Leo nawaletea habari za mtu ambaye ukumbusho wake ulikuwa ni watu aliowafundisha kusoma.

Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 huko Rhynie, Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji, na ndiye aliyemfundisha nyumbani. Katika mji wa Edinburgh alisomea kwanza ualimu, kisha uhandisi, halafu akafanya kazi ya mitambo Ujerumani. Mwaka 1875 barua ya Stanley ilitokea gazetini Uingereza, ikiomba walimu kwa ajili ya Kabaka Mutesa. Mackay akajitoa kwa chama cha CMS, akasafiri mwaka 1876 pamoja na wenzake saba. Wengi wao walikufa upesi au wakarudi kwao wagonjwa.

Kwanza alitengeneza njia ya magari ya ng'ombe toka pwani hadi Mpwapwa. Kisha, mwaka 1878, mashua yao iitwayo Daisy ilivunjika kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa letu hili. Mackay hakukata tamaa. Aliondoa mbao za katikati, akazibia nazo pande mbili zilizovunjika, na mashua ikaelea tena, ingawa fupi. Novemba mwaka huo alifika Buganda.

Huko alikuta vijana wenye hamu ya kusoma, lakini vitabu hakuna. Basi alichonga herufi za mbao kwa mikono yake, akapiga chapa karatasi za kusomea kwa Kiganda. Vijana wakajifunza na kufundishana, hata Wakristo wakaitwa wasomaji. Jina hilo lilikuwa la hatari. Januari 1885, wakati wa Kabaka Mwanga, vijana watatu wa misheni walichomwa moto, na mwaka 1886 wakauawa wengine wengi. Hata katika mateso hayo Mackay aliendelea kuchapa Injili ya Mathayo.

Mwaka 1887 alifukuzwa, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa, ambako leo ni Tanzania. Aliombwa arudi kwao apumzike, asiende. Homa ilimwua tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, na huko Nateete ipo shule yenye jina lake.

Mimi nilifundisha miaka mingi, nikiona watoto watano wakiinamia kitabu kimoja. Hapa Nshambya na vijiji vya jirani, mtoto akitoka shuleni jioni hana cha kusoma nyumbani. Tukifiwa, twachanga kwa saruji ya kaburi, wala si vibaya. Lakini je, hatuwezi pia kuweka kabati la vitabu kwa jina la marehemu wetu, lifunguliwe kwa kila mtoto, awe wa dini yo yote? Herufi za Mackay zilikuwa za mbao tu, nazo zilitosha kuanzia.