Mpiga kinanda aliyenasa joto lisiloonekana

Jioni ya baridi mjini Kitale, ukisimama kando ya jiko la mahindi ya kuchoma, viganja vyako hupata joto kabla hujagusa chochote. Makaa yanakurushia miale usiyoiona. Na je, wajua aliyeigundua alikuwa mwanamuziki?

William Herschel alizaliwa mwaka wa 1738 Hanover, katika Ujerumani ya leo. Babake alipiga zumari katika bendi ya jeshi, naye akafuata nyayo. Mwaka wa 1757, vita vilipochacha, alitorokea Uingereza. Huko alifunza muziki apate riziki, baadaye akaajiriwa kupiga kinanda kanisani mjini Bath.

Digrii ya sayansi hakuwa nayo. Mchana ni muziki, usiku ni kutazama nyota. Darubini kubwa zilikuwa ghali, basi akayeyusha shaba na bati, akajitengenezea vioo vyake. Kalibu alizifinyanga kwa kinyesi cha farasi! Alipong'arisha kioo hakuthubutu kuondoa mikono, kwa hivyo dadake, Caroline, alimlisha papo hapo. Mwaka wa 1781 akagundua sayari ya Uranus, na Mfalme George III akaanza kumlipa mshahara.

Wengi wangetulia hapo. Yeye, mwaka wa 1800 akiwa na miaka 61, alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu, ukagawanyika rangi kama upinde wa mvua. Akapima joto la kila rangi. Zambarau ilikuwa na joto kidogo, nyekundu ikawa nalo zaidi. Kisha akasogeza kipimajoto nje ya nyekundu, mahali ambapo macho hayakuona kitu. Joto likazidi kupanda.

Hiyo ndiyo infraredi. Alifariki mwaka wa 1822, na miongo kadhaa baadaye wanasayansi wakaelewa kwamba ni ya familia moja na mwanga. Ukianza na mawimbi marefu, familia hiyo ya sumaku-umeme ni redio, maikrowevu, infraredi, mwanga tunaouona, urujuanimno, eksirei na gama.

Uko Bungoma na huna maabara? Usijali. Chukua rimoti ya TV, ielekeze kwa kamera ya mbele ya simu, ubonyeze. Kwa simu nyingi utaona kitaa kikimetameta, ilhali jicho tupu halioni kitu. Herschel alikuwa na vipimajoto tu.