Annalena Tonelli: Mama wa watoto waliosahaulika Wajir

Walimu wa chekechea siku hizi huhimizwa kufundisha kwa michezo na kumwongoza mtoto kwa upole badala ya kiboko. Mjini Wajir, mwanamke mmoja kutoka Italia alionyesha nguvu ya upole huo miongo mingi iliyopita, tena kwa watoto ambao wachache walitarajia wangewahi kusoma.

Annalena Tonelli alizaliwa Aprili 2, 1943, katika mji wa Forlì. Alisomea sheria, lakini badala ya kutafuta riziki mahakamani, aliwahudumia maskini wa mji wake kwa miaka 6. Mwaka wa 1969 aliwasili Kenya akiwa mwalimu, na baadaye akahamia Wajir, nyika kame ya wafugaji wa Kisomali.

Huko aliwakuta watoto waliolemazwa na polio, vipofu na viziwi. Kwa familia inayohama na ngamia wake kutafuta maji na malisho, mtoto asiyeweza kutembea ni mtihani mzito, hata akipendwa vipi. Tonelli na wanawake wachache waliojiunga naye walianzisha kituo cha kuwasaidia watoto hao. Waliishi nao kama mama na wanawe, usiku na mchana, bila kujali Jumapili wala sikukuu.

Mtoto aliyezoea kufichwa hafunzwi kwa ukali. Sharti kwanza ajue kwamba anatakiwa. Ndipo atakapothubutu kucheza na wenzake, kujaribu, kuanguka na kujaribu tena.

Subira hiyo hiyo Tonelli aliitumia kwa watu wazima. Mwaka wa 1976 alianza mradi wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji. Badala ya kuwafungia wodini, aliwaacha wapige mahema yao karibu na kituo, wakameza dawa chini ya uangalizi kwa miezi 6. Matibabu ya kusimamiwa kwa namna hiyo baadaye yalienezwa duniani na Shirika la Afya Duniani.

Februari 1984, wanajeshi waliwaua wanaume wengi wa jamii ya Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Tonelli aliwatibu majeruhi, akasaidia kuzika maiti, na akahakikisha ulimwengu umejua. Ujasiri huo ulimgharimu. Mwaka wa 1985 alilazimika kuondoka Kenya, akawaacha watoto aliowalea.

Hakukata tamaa. Alivuka hadi Somalia, na hatimaye mjini Borama, Somaliland, akaendesha hospitali ya kifua kikuu na kuanzisha shule ya viziwi. Mwaka wa 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nansen na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi. Oktoba 5 mwaka huo huo, aliuawa kwa kupigwa risasi katika hospitali aliyoijenga, akiwa na umri wa miaka 60.

Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka wa 2001, na tangu 2013 chekechea zimekuwa mikononi mwa serikali za kaunti, Wajir ikiwemo. Sheria yaweza kumpokonya mwalimu fimbo, lakini haiwezi kumpa subira. Subira hiyo Wajir iliiona kwa macho yake, katika nyumba ambamo mtoto kiwete na mtoto kiziwi waliitwa wana.