Satyendra Bose: Alimwandikia Einstein, akafa miaka 21 kabla ya picha

Juni 1924, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dhaka aliweka makala fupi kwenye bahasha akamtumia Albert Einstein, Ujerumani. Walikuwa hawajawahi kuonana. Jina lake Satyendra Nath Bose, umri miaka 30, na shahada ya udaktari hakuwa nayo.

Mzaliwa huyo wa Kolkata, India, alikuwa amehesabu chembe za mwanga kwa njia iliyoonekana kama kosa. Ukirusha sarafu mbili, kuna matokeo manne: picha mbili, namba mbili, picha na namba, namba na picha. Kwa Bose, mwanga hauna chembe ya kwanza wala ya pili, zote ni zilezile. Basi matokeo ni matatu tu.

Einstein aliitafsiri makala hiyo kwa Kijerumani yeye mwenyewe na ikachapishwa mwaka huohuo. Kisha akaipeleka hesabu kwenye atomi, akatabiri kuwa zikipozwa sana, nyingi zitajikusanya katika hali moja, kama kitu kimoja.

Shida ni kwamba baridi ya aina hiyo haikuwepo popote.

Bose alikaa Ulaya miaka miwili, akarudi Dhaka na kuwa profesa. Alipiga esraji, na mwaka 1948 alianzisha chama cha kueneza sayansi kwa Kibengali. Alifariki Februari 4, 1974.

Juni 1995, huko Boulder, Marekani, Eric Cornell na Carl Wieman walipoza atomi za rubidiamu kwa leza, kisha wakaziacha zile za moto zaidi zitoroke, kama chai inavyopoa kwa mvuke. Zilibaki sehemu 170 za bilioni ya nyuzi moja kufika sifuri kamili. Si mchezo!

Wakaliachia wingu la atomi litawanyike, wakalimulika kwa leza, na kamera ikanasa kivuli chake. Katikati kulikuwa na rundo: atomi kama 2,000 zilizokuwa karibu zimetulia kabisa, katika hali moja.

Cornell, Wieman na Wolfgang Ketterle walipata Nobel mwaka 2001. Bose alipendekezwa zaidi ya mara moja enzi za uhai wake, hakupewa. Ila chembe zote zinazofuata hesabu yake, mwanga ukiwemo, zinaitwa bosoni.