Howard Hawks

Howard Winchester Hawks (Goshen, Indiana, 30 Mei 1896 – Palm Springs, California, 26 Desemba 1977) alikuwa mwongozaji na mtayarishaji wa filamu kutoka nchini Marekani. Anafahamika zaidi kwa filamu zake kuhusu vikundi vya watu wanaofanya kazi ya hatari na kuishi kama ndugu. Nchini Tanzania anakumbukwa kwa filamu ya Hatari! (1962), iliyopigwa Arusha na maeneo ya Mlima Meru.

Maisha ya awali

Hawks alizaliwa katika familia yenye uwezo, ambayo baadaye ilihamia Wisconsin na kisha California. Alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alijiunga na kikosi cha ndege cha jeshi la Marekani. Alipenda sana ndege na mashindano ya magari, na mapenzi hayo yanaonekana katika kazi zake nyingi.

Kazi ya filamu

Filamu yake ya kwanza, The Road to Glory, ilitoka mwaka 1926 ikiwa bubu. Mdogo wake, Kenneth Hawks, alikuwa mwongozaji pia. Tarehe 2 Januari 1930 Kenneth alifariki pamoja na watu wengine 9, baada ya ndege mbili zilizotumika kupiga filamu kugongana juu ya Bahari ya Pasifiki. Mwaka huohuo Howard alitoa The Dawn Patrol, kuhusu marubani wa vita wanaopoteza wenzao mmoja baada ya mwingine.

Mada hiyo aliirudia katika Only Angels Have Wings (1939), Red River (1948) na Rio Bravo (1959). Katika filamu hizo mtu hupimwa kwa ustadi wa kazi na uaminifu kwa wenzake. Mgeni hakubaliwi mpaka athibitishe uwezo wake. Wahusika hawaelezani mapenzi kwa maneno. Huyaonyesha kwa kusimama pamoja wakati wa hatari. Mvuto wa namna hiyo unapatikana pia katika filamu za mapigano za Hong Kong kuhusu wapiganaji walioapa kuwa ndugu, kama vile The Blood Brothers (1973) ya Chang Cheh.

Hatari!

Mwishoni mwa mwaka 1960 Hawks alifika Tanganyika, iliyokuwa bado chini ya utawala wa Uingereza. Kituo kikuu cha hadithi ni shamba la Momella, karibu na Mlima Meru, ambako kundi la watu hukamata wanyamapori kwa ajili ya bustani za wanyama. John Wayne aliigiza kama kiongozi wao. Waigizaji wenyewe walishiriki kuwafukuza na kuwakamata wanyama, wakiwamo vifaru, na sehemu kubwa ya hadithi ilijengwa kufuatana na picha zilizopatikana.

Mwanzoni mwa filamu mmoja wa kundi hujeruhiwa na kifaru. Kijana Mfaransa anayetafuta kazi hugombana na dereva Mjerumani wa kundi hilo, kisha hujitolea damu kumwokoa majeruhi. Baadaye mahasimu hao wawili huwa marafiki. Karibu na mwisho, tembo wadogo wanakimbia katika mitaa ya Arusha.

Filamu ilitoka mwaka 1962, baada ya Tanganyika kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Ingawa jina lake ni la Kiswahili, wahusika wakuu wote ni wageni. Waafrika wanaonekana hasa kama wasaidizi, au kama wenyeji wanaompa mpigapicha wa Kiitalia jina la Mama Tembo. Hivyo undugu unaosifiwa katika filamu hiyo haukuwafikia wenyeji wa Meru waliofanya kazi ileile katika vumbi lilelile.

Miaka ya mwisho

Hawks aliteuliwa mara moja tu kuwania Tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora, kwa filamu ya Sergeant York (1941), lakini hakushinda. Mwaka 1975 alipewa Oscar ya heshima. Alifariki akiwa na umri wa miaka 81. Mwigizaji Hardy Krüger, aliyeigiza kama dereva Mjerumani, alinunua shamba Momella na kuishi huko kwa miaka kadhaa. Leo maziwa ya Momella yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako wanyama hawakamatwi tena bali hulindwa.